Bega la Chuma na Misuli Inayolibeba

Hati ya kipindi cha afya, kwa vikundi vya wasikilizaji kambini
Sauti: Mtangazaji, Mtaalamu wa fiziotherapia, Mzee, msikilizaji wetu

[Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama uko kwenye foleni ya maji, sogea karibu na mwenye redio. Leo tunazungumza juu ya bega, na hasa juu ya kitu ambacho wengi mmetuuliza: hilo bega la chuma tunaloliona kwenye simu, linafanyaje kazi ndani ya mwili, na je, ni la kila mtu? Nipo studio na mtaalamu wetu wa fiziotherapia. Nipo pia na mzee mmoja aliyetutumia ujumbe. Kwa ombi lake hatutaji jina lake wala zoni yake. Mzee, shikamoo.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Asante kunipokea.

MTANGAZAJI: Bega lilianzaje?

MZEE: Mimi ni seremala. Tangu kwetu mpaka huku, maisha yangu ni randa na msumeno. Kama miaka miwili hivi, bega la kulia likaanza kuuma usiku. Nikililalia, usingizi unakimbia. Nikaendelea na kazi, maana kazi ndiyo chakula. Halafu siku ya mgao nilikuwa nanyanyua gunia kulipakia kwenye baiskeli, nikasikia ndani kitu kimekatika, ka! Tangu siku hiyo mkono haupandi. Nikivaa shati naingiza kwanza mkono huu mbovu, nausukuma na huu mzima.

MTANGAZAJI: Ulikwenda kwenye kituo cha afya?

MZEE: Nilikwenda. Nikapewa dawa ya maumivu, nikaambiwa nifike chumba cha mazoezi. Sikufika. Nitasema ukweli. Kijana wangu aliyehamia Marekani alinitumia video. Mtu wa rika langu, mkono haupandi kama wangu, wanampasua, wanamtilia bega la chuma, baada ya miezi anapunga mkono. Nikasema, hii ndiyo dawa yangu, mazoezi ya nini? Nikaufunga mkono kwa kitenge cha mke wangu usije ukaharibika zaidi, nikakaa kungoja. Miezi mitano sasa. Akaja mtu akasema nikimpa laki mbili ataingiza jina langu kwenye orodha ya kwenda kupasuliwa.

MTANGAZAJI: Ulimpa?

MZEE: Nilimpa nusu. Hiyo nusu ndiyo ilikuwa baiskeli.

[Kimya kifupi.]

MTANGAZAJI: Pole sana, Mzee. Hilo la pesa tutalirudia. Dada mtaalamu, tuanzie wapi?

MTAALAMU: Tuanzie kwenye kinu. Ukiwa na mchi na kinu, mchi umeingia ndani, hautoki hovyo. Nyonga yako imeumbwa hivyo, ni mfupa ndani ya mfupa. Bega haliko hivyo. Bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha chai. Kichwa cha mfupa wa mkono ndiyo chungwa. Kisahani kiko ubavuni mwa kombe la bega, yaani lile fupa bapa la mgongoni. Na kisahani chenyewe ni kidogo: kwa wakati wowote, kinagusa kama robo au theluthi tu ya chungwa.

MTANGAZAJI: Sasa chungwa halidondoki?

MTAALAMU: Linadondoka! Ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa cha mwili. Lakini ndiyo maana pia unaweza kujikuna mgongo, kufika juu ya rafu na kurusha nyavu. Mwenyezi Mungu alitupa uhuru wa mkono, na tunaulipia kwa uthabiti. Kinacholizuia chungwa lisidondoke si mfupa. Ni kano, na hasa misuli.

Misuli iko ya namna mbili, na naomba msikilizaji aishike tofauti hii kwa sababu mambo yote ya bega la chuma yanasimama hapo. Kwanza kuna deltoidi, ule msuli mnene unaofunika bega kama kofia, pale unapodungwa sindano ya chanjo. Huo ndio wenye nguvu za kunyanyua. Pili, chini yake, kuna misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukifumbata kichwa cha mfupa kama vidole: mmoja juu, miwili nyuma, mmoja mbele. Hiyo minne kazi yake kubwa ni kuligandamiza chungwa kwenye kisahani wakati deltoidi inanyanyua.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo mmoja anavuta, wengine wanashikilia.

MTAALAMU: Barabara. Sasa Mzee, wewe seremala utanielewa. Ukitaka kuinua ngazi ndefu iliyolala chini, lazima mtu akanyage mguu wa ngazi, sivyo?

MZEE: Asipokanyaga, ngazi inateleza, haisimami.

MTAALAMU: Ile misuli minne ndiyo anayekanyaga. Ikikatika, deltoidi inavuta kwa nguvu zote, lakini chungwa badala ya kuzunguka linateleza kwenda juu na kugonga paa la bega, ule mfupa unaoushika hapa juu. Mkono haupandi, na mtu anabaki kuinua bega zima kuelekea sikio. Ninadhani ndicho ulichosikia siku ya gunia, kano ya mmoja au zaidi ya hao wanne.

MZEE: Na ule uchungu wa usiku wa miaka miwili?

MTAALAMU: Mara nyingi kano haikatiki kwa siku moja. Inachakaa polepole kama kamba ya kisima, halafu gunia linamaliza.

MTANGAZAJI: Kabla ya chuma, hebu tueleze uzito. Watu wanasema, gunia si kubwa, dumu si kubwa, kwa nini bega liumie?

MTAALAMU: Kwa sababu ya wenzo. Piga hesabu na mimi. Umenyoosha mkono mbele, umeshika kitu cha kilo 2. Kutoka begani mpaka kiganjani tuseme ni sentimita 60. Lakini msuli unaonyanyua unavuta karibu sana na egemeo, tuseme sentimita 3. Sitini kwa tatu ni mara 20. Basi kwa kilo 2 za mkononi, msuli unavuta kwa nguvu ya kilo 40, na hapo hujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Mwaka 1978 watafiti wawili, Poppen na Walker, walikadiria kwamba ukiinua tu mkono mtupu ubavuni mpaka usawa wa bega, kiungo kinabanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa mwili wako mzima. Mkono mtupu, hata kikombe hujashika. Ndiyo maana tunawaambia kina mama na watoto: dumu, au bido kama wengine wanavyosema, libebe karibu na mwili. Toroli ni bora zaidi.

MTANGAZAJI: Sasa chuma. Nani alianza?

MTAALAMU: La kwanza linalojulikana lilitiwa Paris, Ufaransa, mwaka 1893, na daktari Jules-Émile Péan. Mgonjwa alikuwa na kifua kikuu kilichokula mfupa wa bega. Péan akamwekea bomba la platini na kichwa cha mpira mgumu. Mkono ukatumika, lakini maambukizi hayakuisha, na baada ya kama miaka miwili vyote vikaondolewa. Nalitaja hilo kwa sababu mpaka leo adui mkubwa wa chuma mwilini ni maambukizi. Vijidudu vikishika chuma, dawa peke yake mara nyingi haivitoi.

Baadaye sana, miaka ya 1950, Charles Neer wa New York alitengeneza kichwa cha chuma kwa watu waliovunjika mfupa wa juu wa mkono, na miaka ya 1970 kikaongezwa kisahani cha plastiki ngumu. Hilo ndilo bega la kuiga maumbile: chungwa la chuma mahali pa chungwa, kisahani cha plastiki mahali pa kisahani. Linamfaa sana mtu ambaye gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa, lakini misuli yake minne bado ni mizima.

MZEE: Na mimi ambaye imekatika?

MTAALAMU: Wewe halikufai. Na sababu yake utaijua wewe kuliko mimi. Msumari ukiutikisa kushoto, kulia, kushoto, kulia, inakuwaje?

MZEE: Unalegea, unang'oka.

MTAALAMU: Ndivyo kilivyo kisahani cha plastiki bila misuli minne. Chungwa la chuma linapanda juu, linabonyeza ukingo wa kisahani, linarudi, linabonyeza tena. Kinalegea. Madaktari walihangaika na jambo hili miaka mingi, mpaka Mfaransa mwingine, Paul Grammont, wa mji wa Dijon, mwaka 1985 alipogeuza mambo. Akaweka chungwa mahali pa kisahani, kwenye kombe la bega, na kisahani akakiweka juu ya mfupa wa mkono.

MTANGAZAJI: Juu chini, chini juu?

MTAALAMU: Ndiyo. Na hilo ndilo bega ambalo yule mtu wa kwenye video huenda alitiwa. Wengine walishajaribu kugeuza kabla yake, mabega yao yakang'oka, kwa sababu egemeo lilikaa nje mno na kulivuta chuma kutoka kwenye mfupa. Grammont alilisogeza egemeo ndani, karibu na mwili, na chini kidogo. Inaonekana jambo dogo. Mzee, mlango unausukuma karibu na bawaba au mbali?

MZEE: Mbali na bawaba. Karibu, ni mzito.

MTAALAMU: Mkono unaosukuma mlango ndiyo deltoidi. Haiwezi kuhama, iko palepale juu ya bega. Kwa hiyo Grammont akahamisha bawaba, akaipeleka mbali na deltoidi. Sasa deltoidi ile ile inanyanyua kwa urahisi zaidi. Halafu, kwa kuushusha mkono chini kidogo, aliinyoosha deltoidi kama kamba iliyolegea unapoikaza. Hata nyuzi zake za mbele na za nyuma, ambazo zamani zilikuwa na kazi nyingine, zinaingia kusaidia kunyanyua. Na kisahani kilichofunika chungwa la chuma hakiliachii liteleze kwenda juu. Yule aliyekuwa anakanyaga mguu wa ngazi hayupo, lakini ngazi sasa ina bawaba.

MTANGAZAJI: Hii nimeielewa. Basi shida imekwisha?

MTAALAMU: Hapana, na hapa ndipo video hazisemi. Deltoidi inajua kunyanyua. Haijui kugeuza. Kuugeuza mkono kwa nje ni kazi ya ile misuli miwili ya nyuma, na kama imekufa, chuma hakiifufui. Mtu ananyanyua mkono vizuri, lakini akitaka kupeleka tonge mdomoni analazimika kuinua kiwiko juu kama mpiga tarumbeta. Na kufikisha mkono mgongoni kwenda chini, kujifunga sidiria au kujisafisha chooni, mara nyingi hubaki kugumu. Huwa nashangaa mambo haya hayaulizwi kabla ya upasuaji, wakati ndiyo maisha ya kila siku.

Tena, deltoidi iliyokazwa inavuta paa la bega kila siku, na kwa wenye mifupa dhaifu paa hilo huweza kupasuka ufa. Kisahani nacho kinaweza kukwaruza shingo ya kombe la bega kwa chini. Na kuna mkao mmoja wa hatari: kujisukuma kuinuka kwenye kiti kwa kutia mkono nyuma yako. Hapo bega lililogeuzwa huweza kuchomoka. Fikiria sisi tunaokaa kwenye mkeka na kuinuka mara ngapi kwa siku.

MZEE: Na kazi? Yule mtu wa video anafanya kazi?

MTAALAMU: Wapasuaji wengi huweka kikomo cha uzito, kilo 10, wengine 15, kwa maisha yote yaliyobaki. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20.

[Kimya.]

MZEE: Hilo hakuniambia mtu.

MTAALAMU: Usinielewe vibaya, baba. Ni upasuaji mzuri. Kwa anayelala akilia kwa maumivu, unarudisha usingizi, na mabega mengi ya chuma yanadumu zaidi ya miaka 10. Ila halirudishi bega la ujana. Na angalia, kila kitu nilichosema kinaendeshwa na msuli. Chuma chenyewe hakina nguvu hata ya kuinua kijiko. Baada ya upasuaji mkono unafungwa wiki 4 mpaka 6 hivi, halafu inaanza miezi ya mazoezi. Aliyeingia chumba cha upasuaji na deltoidi iliyonyauka anatoka na chuma kizuri na deltoidi iliyonyauka.

MTANGAZAJI: Na Mzee amefunga mkono miezi mitano.

MTAALAMU: Ndicho kilichoniuma nilipousoma ujumbe wake. Mzee, kaa hivi, legeza mkono kabisa, niuinue mimi.

[Kiti kinasogezwa.]

MZEE: Hapo! Hapo unauma.

MTAALAMU: Umefika juu kidogo ya usawa wa bega, basi. Msikilizaji, jaribio hili unaweza kulifanya nyumbani na ndugu yako, pole pole, kama bega halijaanguka wala kuteguka hivi karibuni. Kama mwenyewe huwezi kuinua mkono lakini mwenzako akiuinua unakwenda mpaka juu, shida ni msuli au neva yake. Kama hata yeye hawezi kuupandisha, kiungo kimekakamaa. Mzee ana vyote viwili. La kwanza lilitokana na gunia. La pili tumelitengeneza na kitenge.

MZEE: Nilidhani naulinda.

MTAALAMU: Wengi wanadhani hivyo, si wewe peke yako. Njoo ulale chali hapa kwenye mkeka. Shika mkono mbovu na huu mzima, kifundoni. Unyanyue mpaka uelekee dari, pale unapoweza. Kukiwa na maumivu makali simama, mvuto wa kawaida vumilia. Sasa taratibu uachie.

MZEE: Utaanguka.

MTAALAMU: Jaribu. Nipo hapa naukinga.

[Kimya. Mtaalamu anahesabu kwa sauti ndogo: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.]

MZEE: Umesimama! Unatetemeka, lakini umesimama!

MTAALAMU: Umesimama kwa sababu umelala. Mkono ukiwa karibu wima, uzito wake unashuka moja kwa moja ndani ya kiungo. Zile sentimita 60 za wenzo zimepungua sana. Hapo deltoidi inaweza kujifunza kazi bila kuzidiwa. Zoezi hili limetungwa Uingereza, kwa ajili ya wazee waliokatika misuli hiyo minne ambao hawakuweza au hawakutaka kupasuliwa, na lilichapishwa mwaka 2008. Mkono ukishazoea kusimama, unauyumbisha kidogo kuelekea miguuni na kuelekea kichwani, kama mti kwenye upepo, dakika tano au mpaka uchoke. Unafanya mara tatu mpaka tano kwa siku. Ukizoea, shika chupa ya nusu lita yenye maji. Baada ya hapo egemea godoro lililokunjwa, mgongo umeinuka kidogo, na uzito uanze upya kutoka sifuri. Mwishowe ukiwa umekaa. Ni majuma 12 angalau, na ni kazi ya kuchosha. Wako ambao mkono haupandi hata baada ya hapo. Lakini wengi unapanda, na hata asiyefanikiwa amemtengenezea mpasuaji msuli wa kufanyia kazi.

MTANGAZAJI: Nani asifanye?

MTAALAMU: Aliyeanguka au kuteguka hivi karibuni, aliyepasuliwa karibuni bila ruhusa ya mpasuaji wake, na mwenye bega lililovimba, lenye joto, na homa. Hao waje kituoni leo, wasisubiri kesho.

Na kuteguka, naomba dakika moja. Bega likiteguka, mviringo wake unapotea, linakuwa na kona. Usikubali mtu yeyote aweke kisigino kwapani akuvute bila kupimwa, huenda mfupa umevunjika pia. Kuna neva inayozunguka chini ya bega hapo hapo, na ndiyo inayoiamrisha deltoidi. Ukigusa pale pa chanjo ukaona pamekufa ganzi, mwambie mhudumu mara moja. Neva hiyo ikifa, deltoidi inakufa, na bega lililogeuzwa halina wa kuliendesha. Nimewaona vijana waliokaa na bega lililoteguka kwa miezi. Kulirudisha siku ya kwanza ni kazi ya dakika chache. Baada ya miezi ni upasuaji mkubwa.

MTANGAZAJI: Tumalizie orodha. Mzee aliuziwa nafasi.

MTAALAMU: Hakuna nafasi inayouzwa. Rufaa inaanzia kwa daktari wa kituo cha afya, inakwenda kwa kamati ya rufaa, na kamati inaangalia ugonjwa, si mfuko: kwanza wanaoweza kupoteza maisha, kisha faida ambayo mgonjwa ataipata, gharama, na kama atafuatiliwa baadaye. Bega bovu kwa kawaida si dharura, na upasuaji huu unafanywa hospitali kubwa za mijini. Sitamdanganya mtu kwamba ni rahisi kuupata. Lakini mgonjwa ambaye faili lake linaonyesha amefanya mazoezi miezi mitatu na bado analia usiku ana hoja ambayo daktari anaweza kuiandika.

MTANGAZAJI: Na huduma za UNHCR na za washirika wake ni bure. Anayekudai pesa, mripoti kwenye dawati la ulinzi au kwenye sanduku la malalamiko. Huhitaji kuandika jina lako. Mzee, utaripoti?

MZEE: Nitaripoti. Baiskeli haitarudi, lakini nitaripoti. Na hiki kitenge nitamrudishia mwenyewe, amekidai siku nyingi.

MTAALAMU: Nakusubiri Jumatatu, baba, chumba cha mazoezi, saa mbili asubuhi. Njoo na chupa yako, ila usiijaze.

MTANGAZAJI: Kiongozi wa kikundi, baada ya kuzima redio mwulize kila mmoja anavyobeba maji, kisha mfanye pamoja lile jaribio la kuinuliana mkono. Maswali yenu tuleteeni kupitia wahudumu wa afya wa jamii kabla ya siku ya Ijumaa. Mzee amekubali kurudi baada ya majuma 12 atueleze mkono umefika wapi.

[Muziki wa kipindi unapanda.]